Shinikizo Sugu la Damu: Fedha Yetu Iende Wapi Kwanza?



Juma hili tunaomba tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la madaktari peke yao, kumbe lagusa mifuko yetu, jumuiya zetu na dhamiri zetu. Ni matibabu ya shinikizo la damu lisilosikia dawa, yaani shinikizo sugu, kwa njia ya vifaa vinavyoingizwa mwilini. Habari za vifaa hivyo hutufikia kwa simu, na kwa ndugu walioko Dar es Salaam na ng'ambo, nazo huja na swali: je, si vema jumuiya zichange ili mgonjwa wetu apelekwe huko, apone mara moja, aachane na vidonge? Swali hili limezaliwa na upendo, wala hatulidharau. Lakini upendo nao una hesabu zake, na wahenga walituonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Madaktari humwita mgonjwa kuwa na shinikizo sugu pale ambapo anatumia dawa tatu za aina tofauti, mojawapo ikiwa ya kukojosha, kwa dozi iliyo sawasawa, na bado kipimo chake kinabaki 140 kwa 90 au zaidi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo wataalamu wamebuni tiba ya neva za figo. Neva hizo hupeleka na kurudisha ujumbe kati ya ubongo na figo. Zikichachamaa, mwili huzuia chumvi na maji, na mishipa ya damu hubana. Daktari hupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye mshipa wa kinena hadi kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye figo, kisha kwa joto la mawimbi ya redio au ya ultrasaundi huzifisha neva hizo. Kipo pia kifaa kingine chenye betri, kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua ili kuichochea ile sehemu ya shingoni inayotambua shinikizo la damu na kuutaarifu ubongo.

Historia ya tiba hii ya figo ina fundisho kubwa. Mwaka 2009 madaktari wa Australia na Ulaya walitangaza matokeo ya kwanza. Mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa 106 ulionesha kwamba waliotibiwa walishuka kwa milimita 32 za zebaki katika kipimo cha juu, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa tiba yoyote moja. Mwaka 2012 wachumi wa afya wa Marekani walichukua matokeo hayo wakapiga hesabu, wakasema kwamba kila mwaka mmoja wa uhai wenye afya utakaopatikana kwa tiba hii utagharimu dola 3,071 tu. Kwa nchi tajiri, hiyo ni bei ya kutupa.

Kisha mwaka 2014 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 535 huko Marekani. Safari hii wagonjwa hawakujua ni nani aliyetibiwa kweli na ni nani aliyefanyiwa tiba ya kuigiza tu. Waliotibiwa kweli walishuka kwa milimita 14. Waliofanyiwa tiba ya kuigiza nao wakashuka kwa milimita 12 hivi. Tofauti ilikuwa milimita 2 na kidogo, isiyotosha kuthibitisha lolote. Sehemu kubwa ya ule ushindi wa awali ilitokana na mambo mengine: mgonjwa kuangaliwa kwa karibu, kumeza dawa zake kwa bidii kwa kuwa anajua anafuatiliwa, na matumaini yenyewe. Ile hesabu ya dola 3,071 ikabaki haina msingi wa kusimamia. Wachumi hawakukosea kujumlisha. Kilichopwaya ni kile kipimo walichopewa wakijumlishe.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba habari haikuishia hapo. Vifaa viliboreshwa, madaktari wakajifunza zaidi, na tafiti mpya zenye tiba ya kuigiza zikafanyika. Utafiti wa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 331 waliokuwa hawatumii dawa, ulionesha tofauti ya takriban milimita 4 kwa kipimo cha saa 24. Nyingine zilionesha milimita 6 hivi kwa kipimo cha mchana. Mnamo Novemba 2023 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliidhinisha vifaa viwili, kimoja cha ultrasaundi na kimoja cha mawimbi ya redio. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 unasema tiba hii yaweza kufikiriwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, katika vituo vyenye uzoefu. Kwa hiyo tiba hii ipo kweli, ina faida ya kiasi, na haina miujiza. Walio wengi wanaotibiwa hivyo huendelea kumeza dawa zao.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, nasi wa Naliendele hatuhitaji kwenda mbali kuielewa. Mkulima wa korosho hapa jirani na kituo chetu cha utafiti wa kilimo haulizi tu kama salfa inaua ubwiriunga. Anajua inaua. Anauliza: mfuko huu mmoja wa salfa utaniongezea kilo ngapi, na fedha hiyohiyo ningeitumia kupalilia na kupogolea mikorosho ningepata kilo ngapi? Tena anajua utaratibu wa kazi: mkorosho usiopogolewa, uliosongwa na magugu, hata ukiupulizia kwa pampu ya gharama kubwa namna gani, utakupa kidogo kuliko unavyotumaini. Hiyo ndiyo maana ya thamani ya gharama katika tiba. Swali la kwanza ni kama tiba inafanya kazi. Swali la pili, ambalo watu wengi hulisahau, ni kitu gani kingine kingefanyika kwa fedha ileile.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala msichukue tarakimu hizi kuwa ni bei ya hospitali yoyote. Tuseme tiba moja ya kifaa, pamoja na nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji wake, inagharimu shilingi milioni 24. Tuseme dawa za kawaida za mgonjwa mmoja zinagharimu shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Mchango ule wa mtu mmoja ungewanunulia dawa wagonjwa 200 kwa mwaka mzima, au wagonjwa 20 kwa miaka 10. Na kwa kuwa yule mmoja ataendelea na dawa zake baada ya tiba, gharama yake haikomi siku anapotoka hospitali. Badilisheni tarakimu mtakavyo, punguzeni bei ya kifaa hadi nusu, bado kimo cha mlima kitaonekana.

Hesabu ya namna hii imekwisha kufanywa kwa ajili ya nchi yetu. Mwaka 2007 watafiti Robberstad, Hemed na Norheim walichapisha uchambuzi wa gharama na faida za njia 14 za dawa za kuzuia magonjwa ya moyo na kiharusi nchini Tanzania. Iliyotoa afya nyingi zaidi kwa kila fedha iliyotumika ilikuwa dawa ya kukojosha ya zamani, haidroklorothiazaidi, ambayo haina hakimiliki ya mtu wala tangazo la redioni. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliowahusisha Waafrika 728 katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma, ulionesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa hiyo ya kukojosha, au na perindoprili, hushusha shinikizo vizuri zaidi kuliko zile mbili zikiunganishwa bila amlodipini. Hapo tunaona dawa za bei nafuu zilizopimwa katika damu ya watu wetu wenyewe, wakati tafiti za vifaa zimewahusisha zaidi watu wa Ulaya, Marekani, Japani na Australia.

Lakini je, wagonjwa wetu wanazipata na kuzimeza dawa hizo? Hapa ndipo penye uchungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Ilala mjini Dar es Salaam na kijiji cha Shari wilayani Hai ulikuta kwamba katika watu wazima wenye shinikizo la juu, waliojijua hawakufika mmoja kwa watano, waliokuwa wakitibiwa walikuwa mmoja kwa kumi hivi, na waliodhibitiwa vema hawakufika hata mmoja kwa mia. Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti mwingine wa Dar es Salaam. Watu 161 walipimwa mara kadhaa, wakakutwa na shinikizo la juu, wakashauriwa kwenda kutibiwa. Katika mwaka mzima uliofuata ni theluthi moja tu waliomwona mhudumu wa afya, na mwaka ulipokwisha waliokuwa bado wanatumia dawa walikuwa 3 kwa mia. Ni tafiti za miaka iliyopita, na huduma zimesogea tangu hapo. Hata hivyo taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 bado inasema kwamba duniani kote ni mtu mmoja kwa watano tu mwenye ugonjwa huu ambaye shinikizo lake limedhibitiwa.

Kutokana na hayo tunathubutu kusema kwamba wengi tunaowaita wagonjwa wa shinikizo sugu katika vijiji vyetu, usugu wao hauko mishipani. Uko kwenye mambo manne ambayo sote tunayajua.

La kwanza ni vidonge vinavyomezwa siku ya kichwa kuuma na kuachwa siku ya nafuu. Shinikizo halina maumivu ya kutuita. Mtu anajiona mzima hadi kiharusi kinapompiga. Tena kwetu sisi kuna majira. Korosho zikiuzwa, kuanzia Oktoba hivi, dawa zinanunuliwa. Ikifika masika fedha imekwisha, na dawa nazo zimekwisha. Mgonjwa anayetibiwa nusu ya mwaka hawezi kuambiwa kuwa dawa zimeshindwa.

La pili ni kipimo chenyewe. Mtu ametoka shambani kwa baiskeli, ameingia zahanati akihema, amepimwa papo hapo huku akizungumza. Kipimo kikiwa juu anaongezewa dawa. Kipimo cha haki kinamtaka mtu aketi ametulia dakika 5, ameegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, hana haja ndogo inayombana, hazungumzi, na asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia.

La tatu ni chumvi. Tunaishi pwani, na ng'onda na papa mkavu ni chakula chetu cha halali. Ila Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, kikihesabiwa na kile kilichomo ndani ya samaki. Mwaka 2009 wagonjwa 12 wenye shinikizo sugu hasa walipewa chakula chenye chumvi kidogo sana kwa juma moja, na juma jingine chakula chenye chumvi nyingi. Tofauti ya kipimo cha juu kati ya majuma hayo mawili ilizidi milimita 22. Ni utafiti mdogo na wa muda mfupi, na si rahisi kuishi hivyo mwaka mzima. Lakini linganisheni milimita 22 za sufuria na milimita 4 hadi 6 za mtambo. Ng'onda alowekwe, maji yamwagwe, na kibakuli cha chumvi kiondoke mezani.

La nne ni dawa za maumivu. Wazee wetu wenye viuno na magoti yanayowasumbua hununua diklofenaki na ibuprofeni dukani bila kumwambia daktari. Dawa hizo hupandisha shinikizo na kuzipunguzia nguvu dawa za shinikizo. Mgonjwa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Baada ya hayo yote kurekebishwa, watabaki wachache wenye usugu wa kweli. Hao nao wana hatua nyingine kabla ya kifaa: kuchunguzwa kama ugonjwa wa figo au wa tezi ndio unaolisukuma shinikizo, na kuongezewa dawa ya nne. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa zaidi ya 300, ulikuta kwamba spironolaktoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, ndiyo iliyowafaa zaidi wagonjwa wa namna hii kuliko dawa nyingine zilizoshindanishwa nayo. Inahitaji usimamizi wa daktari na kipimo cha damu, kwa kuwa yaweza kupandisha madini ya potasiamu, hasa kwa mwenye figo dhaifu.

Tunajua lipo pingamizi, nalo ni zito. Mtu atasema: ninyi mnawaambia maskini watosheke na vidonge, na matajiri wapate mitambo. Je, uhai wa mtu wa Naliendele una bei ndogo kuliko wa mtu wa London? La, hauna. Kila mtu ni sura ya Mungu, na hakuna hesabu inayoweza kumpimia mtu thamani yake. Hesabu hii haipimi watu. Inapima matumizi ya fedha ambayo haitoshi. Huko Uingereza penyewe, taifa tajiri, kwa miaka mingi chombo chao cha kupima tiba kilitumia kiwango cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa uhai wenye afya. Tiba iliyozidi hapo ilipata shida kukubaliwa. Wenye fedha wanahesabu. Sisi wenye kidogo tunahitaji kuhesabu zaidi, maana kosa letu halilipwi na akiba. Hulipwa na mama wa kijiji cha pili aliyekosa kidonge. Huyo mama haonekani katika mchango, hana picha inayozungushwa kwenye simu, wala hajui kwamba ana ugonjwa. Haki inatutaka tumkumbuke yeye pia tunapotoa.

Pingamizi hilo lakini linatuachia wajibu mmoja. Hatupaswi kumwambia mgonjwa wa usugu wa kweli kwamba hesabu imemkataa. Huyo apelekwe kwa wataalamu, kuanzia Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na inapobidi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wao waamue, siyo kundi la simu. Na serikali, inapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iweke wazi ni tiba zipi zitalipiwa na kwa sababu zipi, na vifaa hivi vipimwe kwa gharama za Tanzania na kwa wagonjwa wa Tanzania. Bei ikishuka na ushahidi ukikua, jibu letu nalo litapaswa kubadilika.

Basi tufanye nini sisi wenyewe? Tunapendekeza mambo matatu kwa jumuiya ndogo ndogo zote. Mosi, kila jumuiya ichangie kifaa kimoja, nacho ni kipima shinikizo cha mkononi, chenye kamba ya ukubwa unaofaa. Kitumike mara moja kwa mwezi katika siku ya jumuiya, kikiongozwa na muumini mwenye ujuzi wa afya, na mwenye kipimo cha juu aende zahanati akiwa na vipimo vyake vimeandikwa. Pili, familia zitenge fedha ya dawa na ya bima wakati wa malipo ya korosho, kabla ya sherehe na kabla ya bati jipya, ili masika yasimkute mgonjwa mikono mitupu. Tatu, kila mgonjwa awe na jirani mmoja wa kumwuliza bila aibu: leo umemeza?

Wapo wanaodhani kwamba kumeza dawa kila siku ni upungufu wa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatutaka tumheshimu tabibu na tusizikatae dawa zitokazo katika ardhi. Kanisa katika kusini hii limejenga hospitali Ndanda na Nyangao kwa imani hiyohiyo. Sala na kidonge havigombani. Vyote viwili vinataka uaminifu wa kila siku.

Viongozi wa jumuiya tunawaomba mlizungumze jambo hili katika mkutano wenu ujao, na mtuletee majibu yenu ofisini kabla ya mwisho wa mwezi: ni familia ngapi zina mgonjwa wa shinikizo, ni wangapi wamekosa dawa katika miezi mitatu iliyopita, na kwa sababu gani. Tutaanzia hapo.